Kazi Isikwame Mlangoni

Hotuba kwa waandishi wa Dodoma na mikoa ya jirani kuhusu mashindano ya majarida madogo ya fasihi

Mwenyekiti, walimu wa Kiswahili mliotoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, wanafunzi wa vyuo, waandishi wote mliopo: itifaki imezingatiwa.

Mada niliyopewa ni kuingia shindano la uandishi la jarida dogo la mkoani. Kipaji sitakigusa. Nitakaa kwenye mambo yanayoifanya kazi nzuri ife kabla jaji hajaiona, kwa sababu kazi nyingi zinazokosa nafasi hazishindwi na kazi bora kuliko zenyewe. Zinashindwa na tangazo ambalo mwandishi alilisoma nusu.

Tuangalie kwanza upande wa pili wa meza. Jarida dogo kwa kawaida lina mhariri mmoja mwenye ajira nyingine, wasomaji wawili watatu wa kujitolea, anwani moja ya barua pepe na namba moja ya simu. Kazi zikiingia hupita ngazi tatu. Ya kwanza ni ukaguzi wa masharti, na hapo hakuna anayesoma hadithi. Mkaguzi anatazama kama maneno hayajazidi, kama jina la mwandishi halionekani, kama ada imeingia na fomu imejazwa. Ya pili ni mchujo: wasomaji wanagawana kazi, kila kazi inasomwa na mmoja au wawili, wanabakiza chache. Ya tatu ndiyo jaji, anayepelekewa orodha fupi isiyo na majina. Mwandishi anapoandika huwa anamfikiria jaji, akimsahau mkaguzi na yule msomaji aliyesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili mchana kutwa kisha akafungua kazi yako saa 4 usiku, simu ikiwa na chaji asilimia 20.

Sasa tangazo. Lichapishe au lihamishie kwenye daftari, kisha pigia mstari kila neno lenye sharti. Ukikuta “hadithi fupi isiyozidi maneno 1,500”, hayo 1,500 ni ukuta. Maneno 1,530 yanatosha kukutoa, hasa jarida likiwa limetenga kurasa kamili kwa kila kazi. Uliza kama kichwa cha hadithi kinahesabiwa; wengi hawakihesabu, lakini usibahatishe. Anayeandika kwa kompyuta au kwa programu ya simu anayo hesabu ya maneno ndani ya programu, aitumie. Ila jihadhari na jambo moja: ukiandika “kwasababu” na “kwahiyo” kwa kuunganisha, programu inahesabu neno moja, na mhariri akisahihisha kuwa “kwa sababu” na “kwa hiyo” yanakuwa mawili. Kazi iliyokuwa 1,498, ikiwa na maneno matatu ya namna hiyo, inavuka ukuta mikononi mwake. Acha pengo la maneno 30 hivi.

Anayeandika kwa mkono, na wapo wengi wilayani, ahesabu hivi. Chukua mistari 10 iliyojaa, hesabu maneno yote, gawa kwa 10. Tuseme umepata 84, wastani ni maneno 8.4 kwa mstari. Ukurasa wako una mistari 26, basi ni kama maneno 218. Kurasa 9 zinakupa takribani 1,966. Kama ukomo ni 2,000, uko karibu na ukuta, lakini majibizano yana mistari mifupi, kwa hiyo idadi halisi itakuwa chini kidogo. Ukiona makadirio yako yamefika ndani ya 100 ya ukomo, acha makadirio, hesabu neno kwa neno. Inachosha, najua. Kwa aliyechapa, karatasi ya A4, fonti ya ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari na pambizo za sentimita 2.5 inabeba kama maneno 250, hivyo hadithi ya 1,500 ni kurasa 6. Ukiona zako zimefika 8, kuna kitu hakiko sawa.

Saa ndiyo inayowaangusha watu wengi, na sisi wenye saa ya Kiswahili tumo hatarini zaidi. Tangazo linasema mwisho ni “tarehe 31 Agosti saa 6 usiku”. Kwa mazungumzo yetu, huo ni usiku unaofuata mchana wa tarehe 31. Kwa simu na kwa fomu ya mtandaoni, saa 6 kamili usiku ni 00:00, mwanzo wa siku. Aliyetengeneza fomu akiandika 31 Agosti 00:00, mlango unafungwa usiku wa kuamkia tarehe 31, na wewe uliyepanga kutuma tarehe 31 jioni unakuta umefungwa saa 18 zilizopita. Kuna na wale wanaoona “6:00 PM” wakaisoma saa 6, kumbe ni saa 12 jioni. Dawa yake ni kuchukua maana inayofunga mlango mapema zaidi kila mara, na kutuma siku mbili kabla. Umeme ukikatika au kifurushi cha data kikiisha, unabaki na kesho yake.

Kwa mnaotuma karatasi, angalieni kama sharti ni tarehe ya muhuri wa posta au tarehe ya kupokelewa. Zinatofautiana kwa siku kadhaa. Basi la Kondoa au la Mpwapwa linaweza kufikisha bahasha stendi ya Nzuguni siku hiyo hiyo, lakini bahasha haijipeleki kwa mhariri. Mtu lazima aifuate ofisi ya vifurushi. Usiandike namba ya mhariri kwenye bahasha bila kumwomba. Si kazi yake kupanda bodaboda kufuata kazi ya mshiriki mmoja, na akifanya hivyo kwa mmoja itabidi afanye kwa wote. Tafuta ndugu au rafiki aliyeko mjini aichukue na kuipeleka mahali palipotajwa.

Neno lingine la kupigia mstari ni “haijachapishwa”. Kila jarida lina mpaka wake. Lipo linalohesabu kitabu, gazeti na jarida tu. Lipo linaloona kuwa shairi lililowekwa Facebook, au kusomwa redioni, tayari limechapishwa. Shairi ulilowatumia watu wanane kwenye kundi la WhatsApp la darasa la ushairi ili wakusaidie si tatizo kwa mhariri yeyote mwenye busara. Kundi la watu mia tano ni suala jingine. Ukiwa na shaka, uliza kwa ujumbe mfupi wa mistari miwili, na uulize mapema. Swali la wiki ya mwisho huwa halijibiwi.

Hapa naomba mwenye mipango mikubwa anisikilize vizuri. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola inapokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, za maneno 2,000 hadi 5,000, haina ada, na inataka hadithi ambayo haijachapishwa. Hadithi ukiipeleka kwenye jarida la mkoa ikachapishwa, mlango ule umeufunga kwa hadithi hiyo. Tuzo ya Safal ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na tuzo ya uandishi bunifu ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania zina masharti yake, nayo yasomwe kwa jicho hilo hilo. Kwa maoni yangu, mwandishi anayeanza asiifiche hadithi yake miaka mitatu akisubiri tuzo ya kimataifa. Jarida dogo litakupa mhariri anayegusa sentensi zako, na huyo ni wa thamani kuliko kusubiri. Lakini chagua ukijua unachoacha.

Halafu kuna kutuma kazi moja sehemu mbili kwa wakati mmoja. Tangazo likikataza, usifanye. Likiruhusu, au likinyamaza, weka daftari la safu nne: jina la kazi, ilikokwenda, tarehe, majibu. Kazi ikikubaliwa mahali pamoja, waarifu wengine siku hiyo hiyo. Mhariri aliyekwisha panga kurasa halafu akakuta hadithi hiyo hiyo kwenye jarida jingine halisahau jina hilo, na wahariri wa kanda hii wanafahamiana.

Tuje kwenye jina. Shindano likisema kazi isomwe bila kumjua mwandishi, jina lako linapaswa kuwa sehemu moja tu: kwenye fomu au kwenye barua ya utambulisho, karatasi au faili la peke yake. Watu hulifuta chini ya kichwa cha hadithi wakadhani wamemaliza, huku likiwa limebaki kwenye kichwa cha kila ukurasa, au kwenye jina la faili. Limebaki pia mahali wasipopaona, kwenye sifa za faili, ambako kompyuta huandika yenyewe nani mwandishi. Kama uliandikia kwenye stationeri, hapo pataonekana jina la mwenye kompyuta, jambo ambalo huzua maswali mengine. Fungua sifa za faili, futa sehemu ya mwandishi, hifadhi upya. Angalia pia kama maoni ya mwalimu wako aliyekusahihishia yamo bado pembeni mwa ukurasa. Yakionekana kwa msomaji, anajua mwandishi ni mwanafunzi wa nani.

Na kuna jina lililofichwa ndani ya hadithi yenyewe. Mhusika mkuu mwenye jina lako kamili, anayesoma chuo chako, fani yako. Msomaji wa mchujo anaweza kukutambua, na kama ni mtu mwaminifu atajitoa kusoma kazi hiyo; kama wasomaji ni wawili tu, umewapunguza kuwa mmoja. Badilisha jina.

Faili lipeleke kwa muundo uliotajwa. PDF haibadiliki mpangilio inapofunguliwa kwenye simu nyingine, ndiyo maana ni nzuri kwa mashairi ambayo kila mshororo lazima ukae mahali pake. Jarida litakaloomba faili la kuhariri linataka kuchapa bila kunakili upya. Ukipiga picha karatasi za mkono, zipige mchana karibu na dirisha, karatasi ikiwa imelala mezani, simu iwe juu yake moja kwa moja ili herufi za chini zisivutike. Ziunganishe kuwa PDF moja. Ukizituma WhatsApp kama picha, programu inazibana na mwandiko wa penseli unafutika. Zitume kama nyaraka. Picha 9 zilizotumwa moja moja hufika zimechanganyika, ukurasa wa 4 kabla ya wa 2, na hakuna namba. Hivyo andika namba ya ukurasa kwenye kila karatasi, tena uandike 1/9, 2/9, ili mpokeaji ajue kama kuna iliyopotea.

Ada. Si kila jarida linatoza, na kutoza si dhambi. Pesa hiyo mara nyingi ndiyo inayolipa uchapaji na zawadi. Shida inayojirudia ni malipo yasiyo na mwenyewe. Mshiriki anamtumia mtu mwingine alipe, au analipia kwa wakala, na jina linalotokea kwa mhasibu wa jarida halifanani na jina lolote kwenye fomu. Kazi inawekwa pembeni kusubiri malipo ambayo tayari yapo. Lipa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako ukiweza, na ujumbe wa muamala usiufute. Namba ya muamala iandike kwenye fomu. Kama amekulipia mama mdogo, andika “imelipwa na” na jina lake. Ukituma kwa namba ya kawaida badala ya lipa namba, uliza kama makato ya kutolea ni juu yako. Ada ya 5,000 iliyofika pungufu inaweza kuhesabiwa haijafika.

Kuna ada moja ambayo hamna haja ya kuuliza. Ukiambiwa umeshinda, halafu utume pesa ya “kufungulia zawadi” au ya “usajili wa cheti”, huo ni wizi. Na shindano ambalo kila aliyeshiriki anatangazwa kuwa ameteuliwa kuingia kwenye kitabu, kisha anatakiwa anunue nakala 10, hilo ni duka.

Sehemu ya haki someni mara mbili. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi yako ina ulinzi tangu ilipoandikwa; huhitaji kuisajili popote ndipo iwe yako. Kwa hiyo unapoingia shindano, kinachotakiwa kuelezwa ni ruhusa unayotoa. Sharti zuri linasema washindi wanaruhusu jarida kuchapisha kazi kwa mara ya kwanza, haki zinabaki kwa mwandishi, na baada ya muda fulani yuko huru kuichapisha kwingine. Sharti baya linasema “kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya jarida”. Tazama maneno “zote zitakazowasilishwa”. Hata aliyeshindwa amenyang'anywa. Mara nyingine sharti hilo limenakiliwa tu kutoka tangazo la kampuni bila mtu kulifikiria, na mhariri akiandikiwa kwa heshima hulibadilisha. Akikataa, peleka kazi yako kwingine.

Nimekaa sana kwenye karatasi. Niingie ndani ya kazi yenyewe, maana mkaguzi akikupitisha, ukurasa wa kwanza ndio unaobaki kukutetea.

Hadithi fupi za mashindano yetu zina mwanzo wa aina moja. Nimetunga huu kwa mfano:

“Dodoma ni makao makuu ya nchi yetu ya Tanzania. Ni jiji lenye watu wa makabila mbalimbali. Katika jiji hilo palikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Juma, ambaye alizaliwa katika familia duni. Siku moja Juma aliamka asubuhi na mapema, akapiga mswaki, akanywa chai, akaelekea stendi.”

Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini msomaji wa Dodoma ameambiwa Dodoma ni nini, na mswaki umepigwa bila sababu. Mwandishi akiendelea hivyo hadi maneno 120, ametumia asilimia 8 ya maneno yake 1,500 na hakuna kilichotokea. Sasa ruka hadi aya ya tatu ya mwandishi huyo huyo:

“Mkaguzi wa tiketi alisoma jina kwa sauti mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa la marehemu baba yake Juma.”

Hapo ndipo hadithi ilipoanzia. Tuko stendi, kuna jambo, kuna swali, na umaskini wa Juma utajulikana kwa viatu vyake au kwa namna anavyohesabu nauli. Ukimaliza rasimu, tafuta sentensi ya kwanza ambayo ndani yake kitu kimeharibika au kimebadilika. Mara nyingi iko aya ya tatu au ya nne. Jaribu kuifanya ya kwanza, kisha rudisha kutoka kule juu yale tu ambayo msomaji atapotea bila kuyajua. Huwa ni machache.

Mwisho nao una ugonjwa wake: ndoto. Mhusika anazinduka, kumbe yote yalikuwa ndoto. Au anakufa kwa sababu maneno yameisha. Au mwandishi anageuka mhubiri katika aya ya mwisho, akiwaasa vijana. Msomaji wa mchujo akikutana na ndoto ya tatu usiku mmoja, hata ndoto iliyoandikwa vizuri haitapona.

Mada iliyotolewa inataka uangalifu wa pekee. Jarida likitangaza mada “Maji”, andika mawazo matano ya kwanza yanayokujia: binti na ndoo, kisima kilichokauka, foleni ya bombani, mganga wa mvua, mwanasiasa na ahadi ya kisima. Washiriki wenzako wameyaandika pia. Hayakatazwi, ila ukichukua binti na ndoo ujue utalinganishwa na mabinti wengine wenye ndoo. Wazo la saba au la nane ndilo huwa lako.

Wasomaji wa jarida la kanda wanaijua kanda. Hii ndiyo faida yako na ndio mtego wako. Hapa tuna msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Hadithi inayotaja mvua za vuli za Oktoba Bahi kama vile ni Pwani imejifunua kuwa mwandishi hakuangalia. Zabibu za Dodoma zinavunwa misimu miwili kwa mwaka, na shamba huingia msimu kwa kupogolewa. Mkulima wako asiyepogoa hana zabibu. Ukimpandisha mhusika treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, hadithi haiwezi kuwa ya 2015, maana safari hizo zilianza 2024. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji 2018. Mzee wa hadithi ya miaka ya 1980 haiiti jiji. Mambo haya ni madogo na hukaguliwa kwa nusu saa. Msomaji akiliona moja anaanza kuyatafuta mengine, na akishaanza kuyatafuta ameacha kukusikiliza.

Kuhusu lugha za nyumbani, Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kinyaturu: zitumieni, lakini msiweke mabano kila baada ya neno. Mzee akisalimia “Mbukwa” na mgeni akajibu kwa kuvua kofia na kuinama, aliyeko Tanga ameelewa ni salamu. Maneno matatu manne ndani ya hadithi yanatosha. Yakizidi, msomaji asiye wa huku anaanza kuruka.

Makosa ya tahajia. Kompyuta haiwezi kukuokoa pale maneno yote mawili yapo katika kamusi. “Alifika mahari pake” itapita, “kura chakula” itapita, kwa sababu mahari na kura ni maneno. Kudondosha h ni ugonjwa mwingine: “ata”, “uyu”, “ivyo”. Na kuna “aliekuja” badala ya “aliyekuja”. Simu iliyowekwa Kiingereza hubadilisha maneno yako bila kuuliza. Zima usahihishaji wa kiotomatiki kabla hujaanza. Kisha soma kazi yote kwa sauti, au mpe mtu akusomee wewe ukiwa umefumba macho. Mahali anapojikwaa pigia mstari. Makosa mawili matatu hayamtoi mtu. Makosa mawili kwa kila mstari yanamfanya msomaji aamini kuwa mwenyewe hukuisoma kazi yako, naye aisome kwa nini?

Washairi. Tangazo likitaka shairi la kimapokeo, mizani inahesabiwa kweli, kwa kidole. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane na nane, na vina vya kati na vya mwisho. Utenzi una mizani 8 kwa mshororo. Kosa linalojirudia liko katika kuhesabu “m” ya mwanzo wa neno. Mbuzi ni mizani mbili, mbu-zi. Mbuyu ni tatu, m-bu-yu. Yanaandikwa kwa kufanana na hayatamkwi sawa. Chukueni mshororo huu:

Mbuyu wa njia ya Bahi, wasafiri wauona

Mwandishi amehesabu mbu-yu, mbili, akapata nane upande wa kwanza. Lakini ni m-bu-yu wa nji-a ya Ba-hi, tisa. Upande wa pili uko sawa, wa-sa-fi-ri wa-u-o-na, nane. Mshororo umezidi mizani moja, na jaji anayeghani atausikia kabla hajauhesabu. Ukiandika “Mbuyu wa huko Bahi”, inakuwa nane. Ila msirekebishe mizani kwa kuchomeka “lo”, “kweli” na “jamani” kila kipande kikipungua. Hizo ni viraka, na vinaonekana. Vina navyo visiwe vya bure. Beti sita zote zikiishia na “-wa” za vitenzi vya kutendwa, hakuna aliyepata shida kuzitafuta.

Shairi huru lina uhuru wa mizani, halina uhuru wa kuwa hotuba iliyokatwa mistari. Likiwa linasomeka vilevile ukiliandika kama aya, liandike aya. Na ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapa hapa Dodoma, aliipa nafasi kubwa miaka ya 1960, ikitumwa kwa maandishi iandikwe jina la msemaji juu ya kila zamu. Jukwaani sauti mbili zinatofautika. Kwenye karatasi zinachanganyika.

Akili mnemba: fuata tangazo linavyosema. Likikataza, limekataza na kutafsiriwa na mashine pia. Hadithi iliyotungwa kwa Kiingereza na mashine ikaigeuza huonekana kwa viunganishi vyake na kwa wahusika wanaoongea kama barua ya ofisi. Hakuna shangazi wa Makole anayesema “ninathamini sana msaada wako”.

Barua ya utambulisho iwe fupi: jina, wilaya, jina la kazi, kundi la shindano, idadi ya maneno, kauli kwamba kazi ni yako na haijachapishwa, namba ya simu inayopatikana. Usieleze hadithi inahusu nini wala ulivyoteseka kuiandika. Wasifu wa mistari miwili unatosha.

Ukishatuma, hakikisha umepata uthibitisho wa kupokelewa. Usipoupata ndani ya wiki moja, ulizia mara moja, kwa ujumbe, si kwa kupiga simu usiku. Baada ya hapo subiri hadi tarehe iliyotangazwa. Ukigundua kosa baada ya kutuma, usitume “toleo sahihi” bila ruhusa. Mafaili mawili ya mtu mmoja yanaweza kuhesabiwa kazi mbili, na masharti mengi yanaruhusu moja.

Kazi ikichaguliwa, mhariri atakurudishia nakala ya kusahihisha na kukupa siku chache. Huo si wakati wa kuandika upya. Jibu kila swali lake, ukubali au ukatae kwa sababu, kisha kagua vitu viwili ambavyo hakuna mwingine atakayevikagua: jina lako linavyoandikwa, na namba ya kupokelea zawadi pamoja na jina lililosajiliwa kwenye laini hiyo. Majina yasipolingana, pesa itarudi kwa mhasibu, naye anaweza kuwa ameshafunga hesabu za toleo.

Mezani karibu na mlango pana karatasi mbili, tangazo la mfano na fomu ya mfano iliyojazwa vibaya kwa makusudi. Mchukue kalamu mzipitie kwa dakika kumi, halafu tutaanza maswali na wale wanaorudi Kondoa leo.